Upanga Unaosubiri Kisa

Usiku wa mvua, mwanamke mjamzito anabisha hodi kwenye nyumba ya wageni. Jina lake Shino. Bibi mwenye nyumba anamjibu kwamba vyumba vimejaa. Shino haondoki. Anasihi, anaeleza kuwa yuko mtu anayemwinda amuue pamoja na mtoto aliye tumboni, kwa kuwa mimba hiyo ni ya kijana wa nyumba ya mabwana aliokuwa akiwatumikia. Mwishowe anapandishwa ghorofa ya juu kabisa, kwenye chumba ambacho wageni hawapewi. Hivyo ndivyo inavyoanza Mononoke, anime ya sehemu 12 iliyotengenezwa na Toei Animation chini ya mwongozaji Kenji Nakamura, na kuoneshwa na televisheni ya Fuji kuanzia Julai hadi Septemba 2007. Isichanganywe na filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1997 yenye jina linalokaribiana nalo. Hivi ni vitu viwili tofauti.

Ninachoandika hapa ni hisia zangu juu ya kisa cha kwanza tu, chenye sehemu mbili. Visa viko vitano kwa jumla, na kila kimoja kina pepo wake na watu wake. Anayetaka kukitazama bila kujua siri yake aiweke makala hii pembeni kwanza.

Kinachoshtua mapema ni rangi. Filamu za kutisha zimetuzoesha giza, tukodoe macho tukitafuta kilichojificha ndani yake. Hapa hakuna pa kujificha. Kuta, mapazia, ngazi na nguo za watu vimejaa manjano, nyekundu na kijani, na maua juu ya maua, kwa mtindo wa picha za kale za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Juu ya yote imetandazwa chapa ya nyuzinyuzi za karatasi, kana kwamba watu wote hawa wamechorwa kwenye ukurasa mmoja. Milango ya kusukuma inafunguka na kufungwa kati ya tukio na tukio. Jicho linachoka kwa wingi wa vitu, na katikati ya wingi huo sauti za watoto zinaanza kusikika chumbani asimolala mtoto yeyote. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa gizani.

Katika nyumba hiyo amepanga pia muuza dawa. Hatupewi jina lake. Ana masikio yaliyochongoka, michoro usoni, sanduku kubwa la mbao mgongoni, na sauti ya Takahiro Sakurai, anayekata maneno katikati ya sentensi na kumwacha msikilizaji akining'inia. Ana karatasi za kinga anazobandika kutani na mizani midogo yenye kengele inayoinama pepo anaposogea. Ana pia upanga, ila hauchomoki. Mpini wake umechongwa kichwa cha zimwi, na hautaachia mpaka mambo matatu yajulikane: umbo la pepo, ukweli wa jambo lililotokea, na sababu iliyo moyoni mwa aliyeumia. Kila moja likijulikana, zimwi hugonganisha meno.

Sharti hili ndilo lililonikamata. Silaha ipo, adui yupo, watu wanakufa, na bado hakuna kinachoweza kufanyika mpaka walio hai waseme walichokificha. Muuza dawa anageuka kuwa mtu wa kuuliza maswali. Msomaji wa Pwani atakumbuka uganga wa kupunga, ambako pepo huulizwa jina lake, atokako na atakacho, naye hujibu kwa kinywa cha kiti chake. Huko aghalabu mwisho wake ni mapatano: pepo hupewa chano chake, naye hutulia. Katika Mononoke, pepo akishajulikana hukatwa.

Pepo wa kisa hiki ni zashiki-warashi, mtoto asiyeonekana anayekaa katika nyumba za watu. Imani hiyo ni maarufu hasa Iwate, kaskazini-mashariki mwa Japani, na Kunio Yanagita aliitaja katika Tono Monogatari, kitabu chake cha masimulizi ya wenyeji cha mwaka 1910. Nyumba aliyomo hupata neema. Akihama, nyumba hufilisika. Ni imani tamu kwa nje. Lakini katika enzi ya Edo, maskini wa sehemu hizo waliwaua vichanga wasioweza kuwalisha, kiasi kwamba watawala wa baadhi ya majimbo waliandikisha wajawazito na kutoa posho ya malezi ili kuzuia mauaji hayo. Wapo waliosema zashiki-warashi ni roho za watoto hao, waliozikwa humo humo nyumbani.

Nakamura na wenzake wameshika upande huo mchungu. Nyumba ya wageni ilikuwa zamani danguro. Wanawake waliofanya kazi humo walipopata mimba walilazimishwa kuzitoa, na waliotolewa walifichwa ukutani, katika chumba kile kile alicholazwa Shino. Neema ya bibi mwenye nyumba imejengwa juu yao. Sasa watoto hao wamemwona mwanamke aliyekimbia mvuani ili mwanawe azaliwe, nao wanataka awazae wao pia.

Nina malalamiko. Sehemu ya kwanza inaruka kutoka picha hadi picha kwa kasi inayomtupa mtazamaji mgeni, na kijana aliyempa Shino mimba haulizwi swali lolote. Upanga unaodai ukweli wote ungepaswa kumdai na yeye.

Zaidi ya hapo, nina ubishi na muuza dawa mwenyewe. Watoto wale walimuua mtu aliyetumwa kumuua Shino, lakini Shino mwenyewe hawakumchukia. Kisa kinatuambia kwamba hawawezi kubaki, kwamba kuzaliwa kwao kungemgharimu mtoto wake, na ninaielewa hoja hiyo. Hata hivyo walionyimwa maisha mara moja wanakatwa mara ya pili, na safari hii na mtu anayejua kila kitu kuhusu wao. Sikuridhika, na naamini watengenezaji hawakutaka turidhike. Mwaka 2024 Nakamura alirudi na filamu ya kwanza ya Mononoke, muuza dawa akiwa na sauti mpya ya Hiroshi Kamiya, na mahali alipompeleka ni makazi ya ndani ya wanawake katika kasri la Edo. Nitamaliza visa vinne vilivyobaki kwanza, kisha niende huko nikatazame kama bado anakata.