Maneno ya Kuyajua Kabla ya Kukubali Leza ya Macho

Wakazi wengi wanaovaa miwani, hasa vijana, wamesikia kwamba leza humwezesha mtu kuiweka miwani kando. Habari hiyo ni ya kweli kwa baadhi yao, si kwa wote. Asiyeelewa maneno ya kliniki anaweza kuuza ng'ombe ili kugharamia tiba isiyolihusu jicho lake. Yafuatayo ni maneno yanayotumika mara kwa mara, pamoja na maana zake.

Konea ni sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita, na ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga. Nyuma ya mboni ipo lenzi, na nyuma kabisa ya jicho ipo retina inayopokea taswira. Mwanga ukitua sawasawa juu ya retina, mtu huona vizuri.

Dayopta ni kipimo cha nguvu ya miwani. Namba yenye alama ya kutoa humaanisha kuwa mhusika haoni vizuri vitu vya mbali, kwa kuwa mwanga hukutania kabla ya kuifikia retina. Alama ya kujumlisha huonyesha hali iliyo kinyume. Astigmatizimu ni hali ambayo konea haikuviringana sawasawa, hivyo herufi huonekana kana kwamba zimevutwa upande mmoja.

LASIK ni upasuaji ambao daktari hukata utando mwembamba wa konea, akaufunua kama ukurasa wa kitabu, kisha leza huichonga konea iliyo chini yake na utando ukarudishwa. Katika PRK hakuna utando unaokatwa: ngozi laini ya juu huondolewa, na leza huchonga papo hapo. Maumivu ya PRK huendelea kwa siku chache, na uoni hutengemaa polepole zaidi. Katika njia zote mbili, kilichochongwa hakirudishwi.

Ndiyo maana vipimo hutangulia. Keratokonasi ni ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka mbele. Mwenye hali hiyo akichongwa konea, uoni wake unaweza kuharibika zaidi. Aliye chini ya miaka 18, ambaye namba ya miwani yake ingali ikibadilika, mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kusubiri. Mwenye macho makavu naye amweleze daktari mapema, kwani upasuaji huu unaweza kuuzidisha ukavu huo.

Yapo pia matatizo yasiyoondolewa kwa kuchonga konea. Ugumu wa kusoma unaoanza kwenye umri wa miaka 40 hivi hutokana na lenzi kupoteza unyumbufu wake, na kwa wengi miwani ya kusomea hutosha. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi. Tiba yake ni kuiondoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia. Shinikizo la jicho, yaani glakoma, huharibu neva inayopeleka taswira kwenye ubongo. Ipo leza inayosaidia kushusha shinikizo hilo, lakini ni tofauti na ile ya kuondoa miwani, wala hairudishi uoni uliokwisha kupotea. Neno "leza" peke yake, basi, halitaji tiba moja.

Kabla ya kutia saini, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Tatizo langu linaitwaje? Konea yangu ina unene gani? Ni njia ipi itakayotumika, na kwa nini hiyo? Je, nitahitaji miwani tena baadaye?

Wakazi wanashauriwa kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, ambako watapewa rufaa ya kupimwa macho panapohitajika. Anayeona ghafla giza au miale ya mwanga, au mwenye jicho linalouma na kuwa jekundu, asisubiri: afike hospitali siku hiyo hiyo.