Kompyuta huendelea kutafuta hata baada ya kupata

KOMPYUTA haijui kwamba kazi imekwisha hadi iambiwe. Hali hiyo huwatatiza wengi wanaojifunza kuandika programu, hasa mzunguko mmoja wa maagizo unapowekwa ndani ya mwingine.

Chukua mfano wa kutafuta jina la mpiga kura katika kaunti za Migori na Homa Bay. Kila kaunti ina maeneobunge manane na wadi 40. Programu hupitia kaunti moja baada ya nyingine. Ndani ya kaunti hupitia maeneobunge, na ndani ya eneobunge hupitia wadi. Hiyo ni mizunguko mitatu.

Tuseme utafutaji umeanzia eneobunge la Rongo, Migori, lenye wadi nne, na jina likapatikana katika wadi ya kwanza. Katika lugha za C, Java na Python, agizo la "break" huvunja mzunguko wa ndani pekee. Programu huziacha wadi tatu za Rongo zilizosalia, kisha huingia eneobunge linalofuata na kuendelea hadi mwisho wa Homa Bay. Badala ya wadi moja, hukagua 77.

Kupoteza muda si hasara kubwa zaidi. Iwapo programu huandika jibu upya kila inapomaliza eneobunge, jibu la mwisho litakuwa "hayumo", na mwenye haki ya kupiga kura huenda akarudishwa nyumbani.

Dawa ziko kadhaa. Ya kwanza ni kuweka alama ya "amepatikana", ambayo kila mzunguko huitazama kabla ya kuendelea. Java huruhusu mzunguko wa nje kupewa jina, kisha "break" ikautaja. Pendekezo kama hilo kwa Python lilikataliwa mwaka wa 2007 na mwasisi wake, Guido van Rossum, aliyeona kwamba mahitaji yake ni nadra.

Njia iliyo safi zaidi mara nyingi ni kuiweka mizunguko yote ndani ya fanksheni, yaani fungu la maagizo lenye jina lake. Jina likipatikana, agizo la "return" hutoa jibu na kuikomesha mizunguko yote papo hapo.

Anayeifanyia programu majaribio kwa jina lililo katika wadi ya mwisho hataligundua kosa. Na aanze na la wadi ya kwanza.