Pwani ya Uingereza Wakati wa Baridi

Aghalabu mwanafunzi wetu aliyeko Uingereza huambiwa kwamba pwani ya huko ni ya Julai na Agosti tu. Ushauri huo haufai. Miezi hiyo vyumba ni ghali, na mgeni hauoni mji bali umati.

Na aende Desemba, tena peke yake. Katika visiwa vya Farne, mkabala wa mji mdogo wa Seahouses, atawakuta sili, wale wanyama wa bahari wenye manyoya, wangali wananyonyesha. Kaskazini mwa hapo kipo kisiwa cha Lindisfarne, alikoanzisha Aidan monasteri mwaka 635, nao Waviking wakaivamia mwaka 793. Barabara ya kisiwani hupita juu ya mchanga, na bahari huifunika mara mbili kwa siku.

Hapo ndipo msafiri wa pekee anapopimwa. Hana mwenziwe wa kumkumbusha saa. Sharti asome mwenyewe jedwali la maji kujaa na kupwa, akijua kuwa jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. Kando ya barabara kimejengwa kibanda juu ya nguzo, kimbilio la waliochelewa. Na hawakosi kupatikana, magari yao yakimezwa na maji. (Mtoto wa Lamu angewacheka.)

Asiyewahi kuvuka hulala huko huko. Mimi naona ana bahati: wageni wa mchana wamekwisha ondoka, wamebaki wakazi wasiofika 200, upepo, na magofu ya monasteri.