Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: fedha inatoka wapi, kijana anaipataje, na kwa nini lazima irudi

Mkulima akiuza mazao na kulipa ushuru, mama akilipia kizimba sokoni au mwenye duka akikata leseni, fedha hiyo inaingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 10 ya mapato hayo inatakiwa kutengwa kila mwaka kwa ajili ya kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba.

Ndiyo mikopo ambayo vijijini inajulikana kwa jina fupi la "asilimia kumi". Vijana wengi waliomaliza shule au chuo wameisikia. Baadhi wanadhani ni zawadi ya Serikali, wengine wanaamini ni ya watu wanaojuana na viongozi. Makala hii inaeleza fedha hiyo inatoka wapi, kwa nini iliwahi kusimamishwa, namna ya kuomba, na hesabu ambazo kikundi kinapaswa kuzipiga kabla ya kutia saini mkataba.

Fedha ni ya nani?

Utaratibu wa halmashauri kuwakopesha wanawake na vijana ni wa siku nyingi, lakini kwa miaka mingi ulitegemea maagizo tu. Halmashauri nyingine zilitenga, nyingine zilisingizia ufinyu wa bajeti. Mwaka 2018 Bunge liliingiza jambo hili kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A. Kuanzia hapo kutenga asilimia 10 ni wajibu, na mkopo hauna riba. Kanuni za utekelezaji zilitoka mwaka 2019 na zimerekebishwa zaidi ya mara moja.

Mgawanyo wake ni huu: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, na watu wenye ulemavu asilimia 2.

Tuchukue mfano wa halmashauri ambayo mapato yake ya ndani, baada ya kutoa yale mapato lindwa yenye kazi maalumu, ni shilingi bilioni 2 kwa mwaka. Asilimia 10 yake ni milioni 200. Wanawake watapata milioni 80, vijana milioni 80, na watu wenye ulemavu milioni 40.

Sasa kama kila kikundi cha vijana kinakopa milioni 8, fedha hiyo inatosha vikundi 10 kwa wilaya nzima. Vikundi hivyo vikirejesha mkopo wote, mwaka unaofuata fungu la vijana linakuwa milioni 160, yaani milioni 80 mpya na milioni 80 za marejesho. Hapo vikundi 20 vinakopeshwa badala ya 10. Visiporejesha, ni vikundi 10 tena, na vile vingine 10 vinaambiwa visubiri.

Kwa hiyo anayekula mkopo huu bila kurudisha hajaikomoa Serikali ya Dodoma. Amekula zamu ya kijana mwenzake wa kata ya jirani, na ushuru wa mama yake mwenyewe aliyeuza mahindi.

Kwa nini mikopo ilisimamishwa mwaka 2023

Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hii nchi nzima. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangazia Bunge uamuzi huo baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, kuonyesha matatizo makubwa. Ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22 ilibaini zaidi ya shilingi bilioni 88 zilizokopeshwa ambazo hazikuwa zimerejeshwa.

Palikuwa na kasoro za aina kadhaa. Vilikuwepo vikundi hewa, yaani jina lipo kwenye karatasi lakini ukienda kijijini hakuna mtu wala mradi. Vilikuwepo vikundi vilivyokopa kisha vikasambaratika. Na zilikuwepo halmashauri ambazo hazikufuatilia wadaiwa, au zenyewe hazikutenga fedha yote iliyotakiwa.

Vijana waliokuwa wamejipanga, wenye katiba na mradi tayari, walikaa zaidi ya mwaka mmoja wakisubiri.

Kilichobadilika mwaka 2024

Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Serikali ilitangaza kuwa shilingi bilioni 227.96 zitakopeshwa. Katika kiasi hicho, bilioni 63.67 zilikuwa ni marejesho ya waliokopa zamani. Hiyo ni zaidi ya robo ya fedha yote, na ilipatikana kwa sababu wapo waliolipa.

Mabadiliko ya kwanza ni njia ya kutoa fedha. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Halmashauri nyingine za Tanzania Bara ziliendelea kutoa zenyewe, lakini kwa usimamizi uliokazwa zaidi.

Mabadiliko ya pili ni uhakiki. Maombi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki, na kamati za kuanzia ngazi ya kata hadi wilaya zinapaswa kujiridhisha kuwa kikundi kipo na mradi upo. Ndiyo maana maofisa wanaweza kufika kwenye banda lenu la kuku au kijiwe chenu cha kushona, wakauliza maswali na kupiga picha. Msiwakwepe, maana bila hatua hiyo ombi haliendi mbele.

Nani anaweza kuomba

Mkopo wa vijana hutolewa kwa kikundi. Kikundi kiwe na watu wasiopungua watano, wote raia wa Tanzania wenye umri wa kuanzia miaka 18, na wasio na ajira rasmi. Ukomo wa juu wa umri wa kijana ulikuwa miaka 35 katika kanuni za 2019. Kwa kuwa kanuni zimekuwa zikirekebishwa, muulizeni ofisa maendeleo ya jamii ukomo unaotumika sasa kabla hamjaandika majina.

Kwa watu wenye ulemavu masharti ni mepesi zaidi: wanaweza kuomba wakiwa wawili, na hata mtu mmoja peke yake anaweza kukopeshwa.

Kikundi kinatakiwa kuwa kimesajiliwa, kiwe na katiba, kiwe na akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na kiwe na shughuli ya uzalishaji au biashara ndani ya halmashauri hiyo, au kionyeshe kwa maandishi shughuli kinayokusudia kuianzisha. Kila mwanachama aandae namba yake ya kitambulisho cha Taifa mapema. Mwenzenu mmoja ambaye hajaipata NIDA anaweza kuwachelewesha wote.

Hatua za kufuata

1. Anzeni na ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyu ndiye mlango wa mikopo hii. Anaelekeza namna ya kuandika katiba, kusajili kikundi na kuingia kwenye mfumo wa maombi.

2. Fungueni akaunti ya kikundi. Chagueni watia saini zaidi ya mmoja, ili mtu asiweze kuchukua fedha peke yake.

3. Andikeni andiko la mradi. Si lazima liwe refu. Lieleze mtafanya nini, wapi, mnahitaji kununua nini na kwa bei gani, mtamuuzia nani, na mtarejesha kiasi gani kila mwezi.

4. Wasilisheni ombi na msubiri uhakiki. Wekeni nakala ya kila karatasi na tarehe mliyoiwasilisha.

5. Mkikubaliwa, someni mkataba wote kabla ya kusaini. Angalieni hasa tarehe ya rejesho la kwanza, kiasi cha kila rejesho, na nini kitatokea mkichelewa.

Jihadharini na matapeli. Ukipokea ujumbe kwenye simu kwamba umepata mkopo wa halmashauri na utume kwanza elfu ishirini ya usajili kwenye namba ya mtu, futa. Vivyo hivyo ukidaiwa "ya soda" ili jina la kikundi lipite. Hiyo ni rushwa, na TAKUKURU ipo katika kila wilaya.

Hesabu ya kupiga kabla ya kukopa

Uzuri wa mkopo huu ni kwamba hauna riba. Ukikopa milioni 6 unarudisha milioni 6. Mtu aliyewahi kubanwa na ile mikopo ya mitaani inayoitwa "kausha damu" anajua tofauti hiyo ina maana gani. Hata hivyo, mkopo usio na riba nao unaweza kukishinda kikundi.

Tuseme vijana watano wamekopa milioni 6 za kulipa kwa miezi 12. Rejesho ni laki 5 kila mwezi, yaani laki 1 kwa kila mmoja. Mmoja akihamia mjini, deni halihami naye. Wanaobaki wanne watalipa laki 1 na elfu 25 kila mmoja. Wakiondoka wawili, watatu waliobaki watabeba karibu laki 1 na elfu 67 kila mmoja. Kwa sababu hiyo, ni heri watano mnaofahamiana tangu utotoni kuliko kumi mliokusanyana kwa sababu ya fedha.

Swali la pili ni majira. Kikundi kinacholima alizeti au mpunga kinapata fedha mara moja kwa msimu, ilhali rejesho linadaiwa kila mwezi. Kikikopa Desemba kwa ajili ya shamba, Februari kitalipa kwa nini? Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujadiliana na halmashauri mapema, kabla ya kusaini, kuhusu ratiba inayofuata mavuno. Ya pili ni kuwa na shughuli ya pembeni inayoingiza fedha kila wiki, kama mayai, mboga za umwagiliaji au fundi cherehani.

La tatu ni mgawo. Vipo vikundi ambavyo siku fedha inapoingia benki vinagawana sawa kwa sawa, kila mtu na lake. Mmoja ananunua simu, mwingine anamalizia mahari. Mradi ulioandikwa kwenye andiko hauanzi, na hakuna chochote cha kuzalisha rejesho. Kabla ya kukopa, kubalianeni kwa maandishi kwamba fedha itakwenda moja kwa moja kununua vitu vilivyotajwa, na risiti zitatunzwa na mweka hazina.

La nne ni dharura. Kuku hufa kwa mdondo, pikipiki huharibika, bei ya nyanya huporomoka. Tengeni akiba kidogo kila mwezi tangu mwanzo. Mkikwama kweli, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii kabla tarehe ya rejesho haijapita. Mdaiwa anayejitokeza anasikilizwa tofauti na yule anayezima simu.

Je, mwanafunzi wa chuo?

Mwanafunzi au mhitimu mwenye miaka 18 na zaidi, asiye na ajira rasmi, hazuiwi kwa sababu tu ya kusoma. Shida iko kwenye utekelezaji. Mkopo unafuata mahali mradi ulipo. Kama chuo kiko Morogoro na kikundi kiko Mpwapwa, mwanafunzi huyo hatashiriki kazi wala vikao, na wakati wa uhakiki ataonekana mwanachama wa karatasi.

Kwa wanaosoma, njia inayofaa zaidi ni mbili. Wanaweza kuunda kikundi na wenzao walioko chuoni, mradi ufanyike pale pale kwenye halmashauri ya chuo na uweze kuendelea wakati wa mitihani na likizo. Au wasubiri wamalize, huku wakitumia muda huo kupata ujuzi, kuandika andiko na kuchagua wenzao. Kijana aliyetoka VETA na cheti cha uchomeleaji, mwenye wateja wawili watatu tayari, ana maelezo ya kutosha mbele ya kamati.

Tena, mkopo wa elimu ya juu unaotolewa na Bodi ya Mikopo ni jambo tofauti kabisa. Ule ni wa ada na kujikimu. Huu ni wa kikundi kufanya biashara.

Maswali ya kuuliza kijijini

Fedha hii ni ya wananchi, na wana haki ya kuiulizia. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na diwani wenu huingia kwenye baraza la madiwani linalopokea taarifa za mapato. Muulizeni:

- Mwaka huu halmashauri imekusanya kiasi gani cha mapato ya ndani, na asilimia 10 yake ni shilingi ngapi?
- Zimetolewa ngapi, kwa vikundi gani, vya kata zipi?
- Katika waliokopa zamani, wamerejesha wangapi?
- Kata yetu ina maombi mangapi, na yamekwama wapi?

Majina ya vikundi vilivyokopeshwa yakisomwa hadharani kijijini, kikundi hewa hakina pa kujificha, kwa sababu wanakijiji wanajuana. Na kikundi kilicholipa vizuri kinaweza kuomba tena kiasi kikubwa zaidi, kikiwa na rekodi ya kuonyesha.