Usimsukume kabla ya kumuuliza

Neno 'kaunsela' linachanganya wengi. Ukiliskia hapa Nairobi unawaza ofisi yenye viti viwili na pakiti ya tishu. Lakini kwa kambi za likizo kule Marekani, kaunsela ni kijana anayelala chumba kimoja na watoto, anawaamsha, anawasaidia kuoga na kula, na usiku anaimba nao kando ya moto. Kambi ikiwa ya watoto wanaoishi na ulemavu, kazi hiyo haina saa ya kutoka.

Viza ya J-1 ya makaunsela wa kambi humruhusu kijana kutoka nchi nyingine, aliyefikisha miaka 18 na anayejua Kiingereza, kuifanya kwa muda usiozidi miezi 4. Digrii si lazima. Lakini ukienda ukiwaza chapaa pekee utarudi umenuna, kwa sababu malipo si ya kujengea mama nyumba. Faida yake iko kwingine.

Hebu tazama filamu ya 'Crip Camp' iliyotoka mwaka wa 2020, ambayo Barack na Michelle Obama walikuwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Inasimulia kuhusu Camp Jened, kambi ya vijana wenye ulemavu katika milima ya Catskill, jimbo la New York, iliyofunguliwa mwaka wa 1951. Baadhi ya makaunsela walikuwa vijana wa kawaida tu wenye nywele ndefu na magitaa, na hawakuwa wamewahi kumhudumia mtu asiyeweza kutembea. Wengine walikuwa na ulemavu wao wenyewe.

Kilichofanya Jened iwe tofauti ni kwamba vijana waliulizwa maoni. Walijadiliana kuhusu chakula cha kupika. Walicheza besiboli, walichumbiana, na walisema wazi jinsi wazazi wanaowapenda sana walivyowanyima faragha.

Kazi yenyewe inahitaji adabu ya mikono. Humsukumi mtoto kwa kigari chake kabla ya kumuuliza anataka kwenda wapi. Unainama mpaka macho yenu yakutane. Ukimlisha, anakaa wima, unampa kijiko kidogo kidogo na kungoja ameze. Ukimwogesha, unamweleza unachofanya na unafunga mlango. Asiyeweza kuongea anaweza kukujibu kwa macho au kwa kuonyesha picha kwenye ubao, na hapo ni wewe unayefaa kutulia, hata ikichukua dakika tano kujua anataka chai au maji. Kummalizia sentensi ili muende haraka ni kumnyamazisha.

Mtu akizoea kuulizwa, hanyamazi tena. Judith Heumann, aliyepata polio utotoni, alikuja Jened akiwa mtoto na baadaye akawa kaunsela papo hapo. Aliponyimwa leseni ya ualimu New York mwaka wa 1970, alienda kortini na akaipata. Mwaka wa 1977 alikuwa miongoni mwa viongozi wa watu zaidi ya 100 waliokaa ndani ya jengo la serikali San Francisco zaidi ya siku 20, wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi zitiwe saini. Zilitiwa saini. Kadhaa kati ya waliokuwa kwenye harakati hizo walijuana tangu kambini. Heumann alifariki Machi 2023.

Sisi je? Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima, na kufikia vyombo vya usafiri. Mwambie hayo makanga anayeona kigari stejini na kugonga bodi dereva aondoke.

Shule zikifungwa Agosti, kuna watoto wanaorudi kwenye ploti zenye ngazi za orofa nne na kukaa ndani mpaka muhula mpya. Huhitaji viza kumfikia jirani yako. Zungumza na mzazi wake kwanza, uliza anavyobebwa na anavyokula. Halafu mgeukie mtoto mwenyewe umuulize leo anataka kufanya nini. Akisema anataka kukaa tu nje aangalie mpira, basi kaeni nje muangalie mpira.