Taa moja, mafundi wanne: kazi za mikono za Dzaleka na soko la Lilongwe

Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita 115 hivi. Kwa mshonaji wa magauni hilo ni jambo dogo, lakini kwa fundi wa kofia za taa ndiyo sheria ya kazi. Akikunja waya kuwa duara lenye kipenyo cha sentimita 30, mzingo wake unafika sentimita 94. Anaongeza mbili za kupitisha gundi pale ncha zinapokutana, na upana mmoja wa kitenge unazunguka duara zima kwa mshono mmoja tu. Kipenyo kikiwa 35, kitambaa bado kinatosha kwa kubanabana. Kikifika 40, mzingo unapita sentimita 125, na hapo lazima aunge vipande viwili na kuhangaika kuoanisha maua ya kitenge ili jicho lisione kiungo. Kwa kofia yenye kimo cha sentimita 25, ukihesabu na mkunjo wa juu na wa chini, yadi moja inatoa kofia tatu. Masalio yanayobaki hayatoshi hata kitambaa cha kichwa.

Nimeanza na hesabu hizi kwa sababu wanunuzi wengi tukiiona kofia ya taa sokoni tunaona waya na kitambaa, na bei tunaipima kwa waya na kitambaa. Hesabu iliyofanyika kabla mkasi haujagusa kitenge hatuioni.

Na hiyo ni ile kofia rahisi, iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Ile iliyo nyembamba juu na pana chini ndiyo inayompima fundi. Kitambaa chake hakikatwi mstatili, hukatwa upinde. Fundi hulaza fremu ya waya juu ya karatasi kubwa na kuiviringisha polepole mpaka imalize mzunguko mmoja, huku penseli ikifuata ukingo wa juu, kisha wa chini. Mistari miwili iliyopinda inayobaki kwenye karatasi ndiyo kipimo chake. Fremu ikiteleza kidogo tu wakati wa kuviringisha, ncha hazitakutana, na kitambaa kimeharibika. Baada ya hapo kuna kubandika kitenge juu ya karatasi ngumu au plastiki nyeupe, ambayo kazi yake ni kuishika kofia isilegee na kurudisha mwanga ndani ya chumba ili rangi nzito za kitenge zisiumeze. Gundi hupakwa kidogo kidogo, na kiganja hupitishwa kutoka katikati kwenda pembeni ili kutoa hewa.

Kisha taa inawashwa. Hapo hakuna pa kujificha. Hewa iliyobaki chini ya kitambaa inaonekana, uzi uliolegea unatupa mstari ukutani, na mshono ambao mchana haukuonekana unajitokeza kama kovu. Fundi mwenye kuipenda kazi yake huibandua na kuanza upya, na saa hizo za kuanza upya hakuna anayezilipa.

Kazi hii ina upande wa pili, ule wa wasukaji, na Malawi ina utajiri mkubwa hapo. Pembezoni mwa barabara za Lilongwe utawaona mafundi wa mianzi na matete wakisuka viti, vikapu na kofia za taa mbele ya macho ya wapita njia. Viti vyao vimesafiri mbali: Afrika Kusini wapambaji wa nyumba wana mtindo wanaouita kwa jina la nchi hii, kiti cha Malawi. Blantyre kuna People of the Sun, kampuni ya kijamii iliyoanzishwa na msanifu majengo Maria Haralambidou, inayowakutanisha wasukaji wa vijijini na wabunifu ili ukindu uingie sebuleni na hotelini kwa sura mpya. Dedza, kusini mwa Lilongwe, kuna wafinyanzi ambao vyombo vyao vinajulikana nchi nzima.

Kwa nini ukindu na mianzi vimepata nafasi juu ya taa hasa miaka hii? Sababu moja ni balbu yenyewe. Balbu ya zamani ya wati 60 iligeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na kofia ya majani makavu karibu nayo ilikuwa hatari. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga kama ule bila kuunguza kitu. Fundi sasa anaweza kusogeza ukindu, karatasi na kitambaa karibu na mwanga kuliko zamani. Hata tundu la juu la kofia lina hesabu yake. Holda nyingi za Malawi, kama za nchi nyingine zilizotawaliwa na Mwingereza, ni za pini, zenye kipenyo cha milimita 22. Ulaya bara wanatumia za skrubu, milimita 27. Fundi anayemuuzia mgeni bila kuuliza anakwenda wapi atakuwa amemuuzia pambo lisilokaa kwenye taa yake.

Sasa tuje Dzaleka, wilaya ya Dowa, karibu kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, mwaka ule ule Malawi ilipofanya uchaguzi wa vyama vingi, pakawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengine kutoka Ethiopia na Somalia. Kiswahili ndiyo lugha wanayokutana nayo sokoni, na hata redio ya jamii ya hapo inaitwa Yetu.

Ukiifungua taa ya namna hii vipande vipande, utagundua kwamba inahitaji mafundi wanne: wa waya au bati kwa fremu, wa cherehani kwa kitambaa, msukaji kwa ukindu au matete, na seremala kwa kitako. Katika jiji wanne hao wametawanyika mitaa minne. Dzaleka wanaishi jirani. Mshonaji wa Kikongo amelelewa na kitenge. Anajua ua lipi likae katikati ya mgongo na lipi lifichwe kwenye pindo. Mama wa Kirundi au wa Kinyarwanda amekua na sindano ya kusukia mkononi, katika utamaduni unaokiheshimu kikapu kiasi kwamba Rwanda imekiweka kwenye nembo ya taifa.

Lakini hata kwa msukaji huyo, kofia ya taa ni somo jipya. Kikapu bora ni kile kilichobanwa, kisichoonyesha upenyo hata ukikiinua juani. Kofia bora lazima ipitishe mwanga. Kwa hiyo mikono iliyozoea kubana tangu utotoni inabidi ijifunze kuachia: kuruka mzunguko, kuacha nafasi zenye kulingana, na bado umbo lisinyong'onyee. Ndiyo sababu mara nyingi duara la waya hufichwa ndani ya ukingo, kushika kile ambacho msuko uliolegezwa hauwezi kukishika wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi ulipo, na unastahili kulipiwa kama tunavyomlipa daktari au wakili kwa anachokijua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dzaleka methali hiyo inagonga ukuta. Malawi iliporidhia mkataba wa wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake, yakiwemo ya kazi na ya kutembea. Mkimbizi anatakiwa aishi kambini na aombe ruhusa kutoka. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Watu waliokuwa na maduka na karakana Lilongwe walirejeshwa mahali ambapo tayari palikuwa pamejaa. Kwa hiyo kizuri kimekaa Dowa, mnunuzi wake yuko Lilongwe, na barabara iliyopo kati yao ni ya lami lakini haipitiki kwa kila mtu.

Najua hoja ya upande wa pili. Malawi ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, vijana wake wenyewe wanatafuta kazi, na mfanyabiashara mdogo wa Lilongwe anaogopa ushindani. Hofu hiyo siidharau. Lakini kofia ya taa haimnyang'anyi mtu sahani yake. Mianzi na matete hukatwa na Wamalawi, mbao huuzwa na Wamalawi, vitenge vingine vinapigwa chapa Blantyre katika kiwanda cha Mapeto. Fundi mmoja wa Dzaleka akipata oda kumi, wauzaji hao wote wanapata oda.

Wapo walioliona hili. Shirika la There is Hope, lililoanzishwa na Innocent Magambi, mtu aliyekulia kwenye kambi za wakimbizi yeye mwenyewe, lina biashara ya kijamii iitwayo Kibébé inayotengeneza na kuuza kazi za mikono za wakimbizi pamoja na Wamalawi wanaoizunguka kambi. Tanzania, WomenCraft, yenye makao Ngara mkoani Kagera, imefanya kazi na wasukaji wa Kitanzania na wakimbizi wa Burundi. Rwanda, Indego Africa imefanya kazi na wanawake wa Kirundi wa kambi ya Mahama. Zote mbili zimo katika MADE51, mpango wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi (UNHCR) unaowaunganisha mafundi wakimbizi na masoko ya nje. Na tangu 2014 kuna Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa hapo hapo kambini na mshairi Trésor Nzengu Mpauni, maarufu Menes La Plume. Kwa siku chache za tamasha mambo hugeuka: watu wa Lilongwe na wageni wa mbali ndio wanaosafiri kwenda Dzaleka, wengine wakilala katika nyumba za wakimbizi, na mwenye kikapu au nguo ya kuuza anamwona mnunuzi wake uso kwa uso.

Mashirika haya yana kazi kubwa na nayaheshimu. Hata hivyo, fundi anayejitegemea, asiye chini ya shirika lolote, ndiye anayepotea kwa urahisi. Kazi yake inanunuliwa kambini na mchuuzi, inapandishwa gari, inafika Lilongwe bila jina. Mnunuzi akiipeleka nyumbani na kuulizwa nani kaitengeneza, atajibu tu kwamba ni ya Malawi. Tuna mfano mzuri wa kinyume chake Dar es Salaam. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa akichora kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya bei nafuu, lakini kazi zake zilibeba jina lake, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina hilo. Kofia ya taa nayo ina ukingo wa ndani usioonekana na mtu, penye nafasi ya kutosha kuandika jina, mahali na mwaka. Mafundi, andikeni. Wenye maduka, msibandue.

Tuje kwenye bei, jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa. Lilongwe, katika soko la vinyago la Old Town karibu na posta, kupatana bei ni sehemu ya biashara na hakuna ubaya wake. Ubaya unaanza pale mnunuzi anapodhani kushusha bei mpaka fundi anyamaze ndiyo ujanja. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44. Gundi, holda, nyaya za umeme na vitenge vingi vinatoka nje, vikapanda bei. Fundi hana pa kupunguza isipokuwa kwenye saa zake mwenyewe. Kila kwacha anayopunguziwa mnunuzi baada ya hapo imetoka kwenye kukata, kusuka na kubandua. Wapo watakaosema kofia ya plastiki ya dukani ni rahisi zaidi. Ni kweli, na asiye na uwezo asilaumiwe. Mwenye uwezo, anayelipa kahawa ya Lilongwe bila kuuliza bei, hana sababu ya kumbana msukaji.

Kwa hiyo, msomaji uliyeko Lilongwe, ukihitaji taa ya sebule, peleka oda kwa fundi kabla hujapita dukani. Mwambie kipenyo, kimo, na aina ya holda uliyonayo. Mpe arubuni ya nusu, kwa sababu hana mtaji wa kununua kitenge chako kwa fedha zake. Mpe muda, na kazi ikifika iwashe mbele yake, useme palipo pazuri na palipo na kasoro. Uliza jina lake, na ukiulizwa na wageni wako, litaje.

Na kwa wenye mamlaka mjini Lilongwe, ombi ni dogo: wapeni mafundi wa Dzaleka vibali vya siku ya soko, hata mara moja kwa mwezi, wasimame kando ya mafundi wa Malawi na kuuza kazi zao wenyewe.