Mpira kwa mbwa, ndizi kwa panya

Huko Usa River, nje kidogo ya Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa kwenye makontena na mizigo ya abiria. Mbwa akizigundua hapewi nyama. Anarushiwa mpira. Morogoro nako, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kutambua harufu ya mabomu ya ardhini. Panya hana haja na mpira. Akipatia husikia mlio mfupi, kisha hulambishwa ndizi iliyopondwa. Magawa, panya aliyetunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, alipitia mafunzo hayo.

Kwa hiyo anayechagua malipo ni mnyama. Kazi ya mwalimu ni kulipa papo hapo, na hapo ndipo wengi wetu majumbani tunapokwama.

Chukua mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Umemwambia "kaa", amekaa, nawe ukaenda jikoni kumtafutia chochote. Unaporudi ameshasimama, ameshanusa ndala zako, sasa anakurukia. Kipande utakachompa kitamfundisha kurukia. Ndiyo maana malipo hukaa mfukoni kabla somo halijaanza: ini la kuku au firigisi, vilivyochemshwa bila chumvi, vikakatwa visizidi punje ya mahindi. Kishikilie kipande juu ya pua yake, kisogeze taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kitainuka, makalio yatashuka yenyewe. Hakuna haja ya kumkandamiza. Yakigusa chini tu, sema "safi!" na umpe. Neno hilo hufanya kazi ileile ya mlio wa Morogoro: linamwambia ni tendo gani hasa limelipwa.

Vipande hivyo vipunguzwe kwenye chakula chake cha siku, visije vikazidi sehemu moja ya kumi. Na makombo ya pilau yasihesabiwe kuwa tuzo, kwa sababu vitunguu, vitunguu saumu na zabibu ni sumu kwa mbwa. Chokoleti pia.

Somo linaloharibiwa kuliko yote ni "njoo". Mtoto wa mbwa katoka getini, mwenye nyumba anaita mara tatu, nne, sauti inapanda. Hatimaye mnyama anarudi, anapigwa kofi kwa kuchelewa. Mwenye nyumba anaamini ameadhibu utoro. Mbwa anachojua ni kwamba alikuja, akapigwa. Kesho ataitwa na atasimama mbali, akipima mkono ule umebeba nini, na watu watasema mbwa huyu hasikii. Aliyechelewa naye alipwe, tena vizuri. Akikimbia usimfukuze, maana kufukuzwa ni mchezo anaoupenda; geuka ukimbie upande mwingine, uone nani atamfuata mwenzake.

Mchezo unafaa hasa pale unapotaka kasi na furaha, wakati chakula kinafaa kwa utulivu. Kuvutana kitambaa kikuukuu hakumfanyi mbwa awe mkorofi, mradi wewe ndiye unayeanzisha na kusimamisha. Meno yakigusa ngozi, mchezo unakufa hapohapo: simama kimya, mikono isicheze, subiri sekunde chache, kisha endelea. Ukitaka aachie kitambaa, usimnyang'anye. Sema "acha" na umwoneshe kipande cha ini, atakibadilisha mwenyewe. Baada ya hapo mrudishie kitambaa, ajue kuachia si kupoteza. Kwa nyumba za Kiislamu zinazojihadhari na mate ya mbwa, kipande kinaweza kutupwa chini na mpira kurushwa kwa mguu, na somo lisipungue kitu.

Wapo wanaoogopa kuwa mbwa wa kubembelezwa hatalinda, hivyo humfungia bandani mchana kutwa asizoee watu. Kipindi cha kuzoea dunia kwa mtoto wa mbwa ni kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14. Anayekipitia gizani hukua na hofu, na mbwa mwenye hofu hachagui wa kumuuma: mwizi, muuza maziwa, hata mtoto wa nyumba hiyohiyo. Sioni ulinzi hapo.

Swali la mwisho huwa la gharama: nitabeba maini mfukoni hadi lini? Hadi tendo likae, kisha uanze kulipa kwa kuruka. Mara hii mpe ini, mara ijayo neno tu, siku nyingine mpira. Mcheza mkeka hachoki kubeti kwa sababu hajui ni tiketi gani itakayotiki, na mbwa naye ni vivyo hivyo. Ila "njoo" ya getini, barabarani bodaboda zikipita, mimi ningeendelea kuilipa kwa ini.